Gari la Ami Liliposimama: Namna ya Kutambua Fistula ya Dayalisisi Inayoanza Kubana

Ami yangu alikuwa na mchezo wake na watoto wa nyumbani. Akiketi barazani jioni humwita mmoja, humwekea kifundo cha mkono wake wa kushoto sikioni na kumuuliza, "Wasikia gari lapita?" Na kweli lilisikika. Chini ya ngozi mlikuwa na mvumo mzito usiokatika usiku wala mchana. Hiyo ilikuwa fistula yake, mshipa aliotengenezewa na daktari wa upasuaji ili mashine ya kusafisha damu ipate pa kuingilia.

Kisha mvumo ukabadilika. Ukawa mwembamba na wa juu, kama mtu anayepiga mbinja. Watoto wakasema gari la ami sasa lina honi, nasi tukacheka. Wiki hizo hizo damu ilikuwa haikati upesi sindano zikitolewa, akawa anarudi nyumbani na doa kwenye kanzu. Mashine nayo ikawa inamlilia kila mara. Kituoni aliambiwa amelala vibaya, ageuze mkono. Ijumaa moja alipokuwa akitawadha, aligusa kifundo chake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Gari limesimama." Tukangoja hadi Jumatatu, siku yake ya mashine. Tulipofika, damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa na fistula haikuweza kuokolewa. Aliishi na paipu ya shingoni kwa miezi 5 hadi alipotengenezewa fistula nyingine, safari hii mkono wa juu.

Yuko nasi, alhamdulillahi. Lakini mshipa ule ulitupa ishara kwa wiki kadhaa na nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua kuzisoma. Mimi si daktari. Ninayoyaandika hapa nimeyasoma na kuyauliza kwa madaktari na wauguzi wa figo tangu siku ile. Nayaweka pamoja kwa ajili ya familia za pwani ambazo zina mtu anayekwenda kwenye mashine, na ni nyingi kuliko tunavyodhani. Jambo kubwa ni hili: fistula inayobana mara nyingi husema mapema, na chombo cha kwanza cha kuisikia ni kiganja cha mwenye fistula.

Fistula gani hii?

Wengi wetu tukisikia neno fistula twafikiria maradhi ya akina mama yanayotokana na uzazi mgumu. Hii si hiyo, na mgonjwa wa figo asione haya kulitaja. Kwa madaktari, neno hilo lamaanisha njia inayounganisha mahali pawili ambapo kwa kawaida hapaungani. Hapa kinachounganishwa ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kwa nguvu, na vena, mshipa unaoirudisha damu moyoni taratibu.

Mashine ya dayalisisi yahitaji damu nyingi kwa dakika, na vena ya kawaida haiwezi kuitoa. Mwaka 1960 Dkt Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alianza kutumia mirija iliyobaki nje ya ngozi ya mgonjwa. Iliokoa maisha, lakini ilikuwa ikiziba na kuingia vijidudu. Mwaka 1966 madaktari Brescia na Cimino na wenzao, wa hospitali ya askari wastaafu huko Bronx, New York, walichapisha habari ya njia yao mpya: kuunganisha ateri na vena za mgonjwa mwenyewe chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Hadi leo, kwa mgonjwa ambaye mishipa yake yafaa, hiyo ndiyo njia inayopendelewa, kwa kuwa haileti maambukizi kama paipu ya shingoni na huweza kudumu miaka mingi.

Ateri ya kifundo cha mkono kwa kawaida hupitisha kama mililita 20 hadi 30 za damu kwa dakika. Ikishaunganishwa na vena na fistula ikakomaa, hupita mililita 600 au zaidi. Vena hutanuka na ukuta wake ukawa mnene. Kuna kanuni ya sita ambayo ni rahisi kukumbuka: baada ya wiki 6, fistula iwe inapitisha mililita 600 kwa dakika, iwe na upana wa milimita 6, na isiwe ndani ya ngozi zaidi ya milimita 6. Ikiwa wiki 6 zimepita na mshipa bado hauonekani wala haushikiki, usingoje ukomae wenyewe. Mara nyingi kuna mbano karibu na pale ulipounganishwa, au kuna tawi la pembeni linaloiba damu.

Kwa nini mshipa hubana

Vena iliumbwa kwa damu inayokwenda polepole. Ikipokea damu ya ateri, yenye kasi na misukosuko, utando wake wa ndani hujibu kwa kuota na kuwa mnene, hasa karibu na kiungo na kwenye kona. Kovu la upasuaji huongezea, na sindano zinazochomwa pahala pale pale kila mara pia. Mishipa mikubwa ya kifuani nayo hubana kwa wale waliowahi kuwekewa paipu, hasa iliyopitishwa chini ya mtulinga.

Mbano mdogo una madhara makubwa. Kwa kanuni ya mtiririko katika bomba, upana ukipungua nusu na mengine yote yakabaki vile vile, kinachopita hubaki sehemu 1 kati ya 16. Damu inayopita kidogo na kwa shida huganda upesi. Ndiyo sababu fistula inaweza kuonekana nzima wiki hii, na wiki ijayo ikafa.

Chukua mpira wa kumwagilia maji, fungua bomba, kisha ubane mpira katikati kwa vidole. Upande wa kutoka bombani utakuwa mgumu. Upande wa pili utalegea na maji yatatoka kwa unyonge. Pale penye vidole utasikia maji yakipiga mluzi. Ukiukumbuka mpira huo, karibu dalili zote zinazofuata utazielewa.

Angalia, gusa, sikiliza

Fistula yenye afya ina mtetemo mwororo unaoendelea bila kukatika, kama simu inayotetema mfukoni au paka anayekoroma ukimpapasa. Mtetemo huo huwa na nguvu zaidi penye kiungo, yaani karibu na kovu la upasuaji, na hupungua kadiri unavyopanda mkono. Mshipa wenyewe ukiubonyeza ni laini. Ukiweka sikio au stethoskopu, mvumo ni mzito na mrefu: waongezeka moyo unapopiga, wapungua moyo unapopumzika, lakini haukatiki.

Kuangalia. Tazama mkono wote kwenye mwanga mzuri, kuanzia vidole hadi bega na kifua, na uulinganishe na mkono wa pili. Je, umevimba? Kuna mishipa mipya iliyotokeza begani au kifuani? Kuna uvimbe kwenye fistula unaokua, au ngozi iliyokuwa nyembamba na kung'aa? Kuna wekundu au usaha penye tundu la sindano?

Kugusa. Pitisha kiganja taratibu kutoka penye kovu kupanda juu. Mtetemo ukigeuka kuwa mdundo mgumu unaogonga mkono kama nyundo, kuna kizuizi mbele. Ukikuta mtetemo mkali mahali pengine mbali na kovu, hapo huenda ndipo palipobana. Mtetemo ukiwa dhaifu na mshipa umelala bapa, huenda damu haiingii vizuri tangu mwanzo.

Kusikiliza. Mvumo ukiwa mwembamba, wa juu kama mbinja, na wakatikakatika, ukisikika tu moyo unapopiga, hiyo ni ishara ya mbano. Hiyo ndiyo honi tuliyoicheka.

Majaribio mawili

La kwanza mgonjwa aweza kulifanya nyumbani. Keti au lala, kisha uinue mkono wenye fistula juu kuliko moyo. Mshipa uliokuwa umejaa unatakiwa unywee, kwa sababu damu yashuka moyoni kwa urahisi. Ukibaki umejaa na mgumu, njia ya kutokea ina kizuizi. Ukinywea kutoka sehemu fulani kuendelea mbele na kubaki umejaa nyuma yake, mbano upo karibu na pale mabadiliko yanapoanzia.

La pili mwachie muuguzi au daktari. Hubonyeza mshipa kwa kidole, mbali kidogo na kiungo, ili kuuziba kwa muda mfupi. Upande wa kiungo unatakiwa uanze kudunda kwa nguvu. Ukidunda kwa unyonge, damu inayoingia ni haba. Na kama mtetemo unaendelea hata baada ya kuzibwa, kuna tawi la pembeni linalopitisha damu.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kienyeji kwa sababu tu hayana mashine. Mwaka 2007 Dkt Arif Asif na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha uchunguzi wa mikono na picha ya mishipa inayopigwa kwa dawa. Mbano wa upande wa kutokea ulipokuwepo, mikono iliyofundishwa iliutambua kwa asilimia 92. Ule wa upande wa kuingilia, kwa asilimia 85. Mwongozo wa Marekani wa njia za dayalisisi uitwao KDOQI, toleo la mwaka 2019, nao unataka fistula ichunguzwe mara kwa mara na mtu mwenye ujuzi, kwa macho, mikono na masikio. Hausisitizi kupima mtiririko kwa mashine kila mara kwa kila mgonjwa ambaye hana dalili, kwa kuwa ushahidi wa faida yake hautoshi. Kwetu, ambako vipimo ni ghali na foleni ni ndefu, hiyo ni habari njema.

Kinachosemwa na mashine

Wagonjwa wengi kwetu huketi kwenye mashine mara 2 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Ukiwa hapo, yaandike haya kwenye daftari:

Sindano inapata tabu kuingia pahala ambapo zamani iliingia bila shida, au inavuta vidonge vya damu iliyoganda.

Shinikizo la upande wa kurudisha damu linapanda kikao baada ya kikao, kwa sindano ile ile na kasi ile ile. Huo ni mpira uliobanwa mbele: damu yarudi mwilini kwa shida.

Mashine inavuta kwa nguvu lakini haifikii kasi iliyowekwa. Hapo shaka iko upande wa kuingilia.

Damu haikati. Sindano zikitolewa, wengi hukauka ndani ya dakika kama 10, na kila mtu ana kawaida yake. Ijue yako. Ikiwa ilikuwa dakika 8 na sasa vikao vitatu mfululizo ni 20, hilo si jambo la kufunga bandeji tu na kwenda nyumbani. Huenda ikawa ni dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo, lakini lazima mtu aulize.

Vipimo vinaonyesha damu haisafiki kama zamani ingawa muda haujapunguzwa. Mbano waweza kufanya damu iliyokwisha safishwa izunguke na kurudi mashinani badala ya kwenda mwilini.

Kikao kimoja kibaya chaweza kuwa na sababu nyingine. Kinachohesabika ni mabadiliko yanayojirudia, na hayo hayaonekani ila yameandikwa. Ami yangu alihudumiwa na wauguzi tofauti karibu kila kikao. Kila mmoja aliliona tatizo mara moja, akalitengeneza kwa kugeuza mkono. Hakuna aliyeliona mara sita. Daftari lingeliona.

Mbano uko wapi?

Kwa ufupi, kuna mahali patatu. Mbano wa karibu na kiungo, ambao hutokea sana kwenye fistula za kifundo cha mkono, huleta mshipa dhaifu, mtiririko mdogo na fistula isiyokomaa. Mbano wa mbele, kwenye vena inayopanda mkono, huleta mdundo mgumu, shinikizo la juu na damu isiyokata. Fistula za mkono wa juu hupenda kubana karibu na bega, pale vena inapopinda kuingia kifuani. Mbano wa tatu uko kifuani kwenyewe. Huu huvimbisha mkono wote, wakati mwingine shingo na uso, na hutokeza mishipa kifuani. Aliyewahi kuwekewa paipu auangalie zaidi.

Vidole baridi, vyenye maumivu au vinavyokufa ganzi ni jambo jingine: huenda fistula inavinyima damu. Hilo nalo lataka daktari, tena upesi vidole vikibadilika rangi au vikitoka kidonda.

Vipimo na tiba

Dalili zikiungana, kipimo cha kwanza huwa ni altrasaundi ya Doppler. Haina sindano wala dawa. Hupima upana wa mshipa na kasi ya damu. Mvuvi yeyote ajua kuwa mkondo hukimbia zaidi pale njia ya maji inapokuwa nyembamba, na ndivyo damu ifanyavyo. Kasi pale penye mbano ikiwa zaidi ya mara 2 ya kasi ya kabla yake, mshipa umebana kwa zaidi ya nusu. Karibu na kiungo kipimo huwa mara 3, kwa kuwa hapo damu ina misukosuko hata kwa mzima. Fistula inayopitisha chini ya mililita 500 kwa dakika nayo hutiliwa shaka.

Kifuani altrasaundi haioni vizuri, hivyo hupigwa picha ya mishipa kwa dawa. Picha hiyo ina faida ya pili: palipobana pakionekana, daktari aweza papo hapo kupitisha puto dogo na kulijaza ili litanue mshipa. Kwa kawaida tiba hufanywa mshipa ukiwa umebana nusu au zaidi na dalili zipo. Mbano usio na dalili mara nyingi huangaliwa tu. Na baada ya puto usilale usingizi, maana mbano hupenda kurudi, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Uliza pia mapema, ukiwa huna haraka, kama bima yako ya SHA inalipia kipimo na puto, na ni hospitali gani inayofanya. Siku ya dharura si siku ya kuanza kuuliza.

Usingoje siku ya mashine

Mtetemo na mvumo vikipotea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe Ijumaa, iwe Idi. Damu iliyoganda huweza kuondolewa, lakini kila saa inayopita hupunguza nafasi. Kwa kungoja kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, sisi tuliipoteza fistula.

Damu ikitoka kwa kasi nyumbani, bonyeza kwa nguvu pale pale inapotokea, kwa kidole na kitambaa kidogo, inua mkono, na mtu aite msaada. Usifunike kwa taulo kubwa, maana huificha damu bila kuizuia. Uvimbe wenye ngozi nyembamba inayong'aa, au kigaga kisichopona, ni wa kwenda kuonyesha leo.

Kuutunza mkono

Mkono wa fistula haupimwi presha, hautolewi damu, hauvishwi saa ya kubana wala bangili nzito, haulaliwi, na haubebi kikapu cha sokoni kwa kukitundika. Usione haya kumwambia muuguzi wa kituo kingine, "Mkono huu haushikwi." Na ambaye figo zake zinadhoofika lakini hajafika kwenye mashine, aombe damu itolewe nyuma ya kiganja, ili vena za mkono zibaki salama.

Presha ikishuka sana au mwili ukikauka maji, fistula huweza kuganda. Kwa hiyo anayenuia kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake na sheikh wake kabla ya mwezi kuandama.

Nimalizie na lile ambalo ami sasa hulifanya. Twatawadha mara tano kwa siku, na mkono huoshwa hadi kiwiko. Fistula yake ya sasa iko juu kidogo ya kiwiko, basi akimaliza kuosha hupandisha kiganja, hukiacha hapo kwa sekunde chache, ndipo huendelea. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Shangazi naye hukagua kila Jumapili, na daftari liko juu ya friji. Mwaka jana daftari hilo lilionyesha damu ikichelewa kukata vikao vitatu mfululizo. Walikwenda nalo kwa daktari, altrasaundi ikaonyesha mbano karibu na bega, puto likapitishwa. Gari lake bado lapita.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.